Andika Unachotafuta

Nimestaafu. Wenzangu wa ofisini wameniomba niandike mambo ya kazi, ili atakayekalia kiti changu asianzie sifuri. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo nilipewa na vikachukuliwa, mshahara uliingia na kutoka. Nitaandika mashine na watu. Na nitaandika habari ya Mama Shija wa kijiji cha Sola, kwa sababu kila fundi mpya akifungua programu ya duka letu la mtandaoni anakuta mstari mmoja unaozuia jina la Shija lisitokee ukurasa wa mbele, anakuja mbio kuniuliza, nami namwambia achana nao. Sasa nimekaa nyumbani, nina nafasi ya kueleza.

Kazi niliianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Kompyuta ilikuwa moja, inafunikwa kitambaa cha mezani, na siku yangu ya kwanza niliambiwa nivue viatu kabla ya kuingia chumbani kwake. Kwa meneja watu waliingia na viatu vyenye tope. Kwa kompyuta, peku. Nilikaa mbele yake tangu asubuhi hadi saa ya chakula nikiogopa kuigusa. Aliyenitoa woga ni fundi Luhende, mtu mfupi, mkavu wa maneno, ambaye alikuwa fundi umeme kabla mashine hizi hazijaja na akazijua kwa kuzifungua na kuzifunga.

Luhende alikuwa na sheria moja: pima kwanza. Msimu wa pamba ukipamba moto, magari yanapanga foleni hadi barabarani, mashine inaanza kukokota, na kila mtu ana lake la kusema. Huyu anasema virusi, yule anasema joto, mlinzi mmoja alisema kuna mtu hapendi kiwanda kiende mbele. Luhende aliwajibu wote jibu moja: "Anayefungua mashine kabla hajapima, huyo si fundi, ni mfumu." Mfumu ni mganga wetu wa Kisukuma, na Luhende alikuwa mlokole, kwa hiyo hilo lilikuwa tusi kabisa.

Alipopima akagundua kwamba kila mkulima akifika mizani, mashine inamtafuta kwa jina lake la kwanza. Aliyetutengenezea programu alikuwa mtu wa kuja, na faharasa aliiweka kwenye jina hilo. Faharasa ni ile sehemu ya nyuma ya kitabu inayokuambia jambo fulani liko ukurasa gani, kwingine ingesaidia. Huku kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata tumboni ni Shija, aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula, na wajukuu wanarithi majina ya babu zao. Uiambie mashine ikuletee Shija, inakuletea Shija wa Lalago, wa Mwandoya, wa Sola, na bado haijamaliza. Luhende akahamishia faharasa kwenye namba ya mkulima, na foleni ikaanza kusogea siku ileile. Mtu wa kuja alipopigiwa simu alisema tuna majina machache mno.

Kutoka kiwandani nilipita ofisi nyingine kadhaa ambazo sizitaji, maana hakuna cha kusimulia huko zaidi ya vikao. Miaka yangu ya mwisho niliimalizia kwa Mabula.

Mabula ni kijana wa hapa hapa aliyesoma Dar es Salaam akarudi na wazo la duka la mtandaoni kwa wakulima na wafugaji: dawa ya kupe, plau na minyororo yake, pampu za kupulizia pamba, chanjo za kuku, sola. Unaagiza kwa simu, mzigo unaukuta kwa wakala wa kijijini kwenu. Wazo lilikuwa zuri, ila duka lilikuwa zito. Mtu wa Mwandoya anabonyeza, anasubiri, anakwenda kunywesha ng'ombe, anarudi, ukurasa bado unazunguka. Wengi walikata tamaa wakarudi kwenye minada.

"Mayu, tununue seva kubwa," Mabula aliniambia wiki niliyoanza. Mayu ni mama; ndivyo alivyoniita hadi nilipoondoka.

"Umepima?"

"Kupima nini tena? Si inaonekana iko slow."

"Ng'ombe akikonda huendi kumnunulia zizi kubwa," nilimwambia. "Kaa chini tuangalie anakula nini."

Nilipima. Picha za bidhaa zilikuwa kubwa kupita kiasi, nikazipunguza. Kila mteja alikuwa anafunguliwa njia mpya ya kwenda kwenye hifadhidata badala ya kutumia zilizokwisha kufunguliwa, nikarekebisha. Nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati, nikipima kabla na baada, na nyinyi mnaosoma fanyeni hivyo hivyo. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na duka likapona, hutajua kilichoponya ni kipi. Duka likachangamka kidogo, lakini ikifika mchana linalala tena. Ndipo nikafungua logi, yaani faili ambamo seva inaandika kila ilichoulizwa na muda iliochukua kujibu. Nilichokuta humo hakimo kwenye kozi yoyote niliyosoma.

Watu walikuwa wanalisalimia duka.

Kile kisanduku cha kutafutia, chenye maneno "Andika unachotafuta", wao walikiona ni mtu. Na kwetu huanzi na shida yako kabla hujasalimia, labda uwe huna adabu. Basi asubuhi wanaandika: "Mwangaluka. Mmeamkaje hapo. Naomba dawa ya kupe." Mchana wanaandika: "Mwadila mayu, mwadila baba. Mhola? Sisi huku mhola. Plau ipo?" Mhola ni salama. Seva maskini inachukua neno moja moja, inalitafuta kwenye maelezo ya kila bidhaa tangu ya kwanza hadi ya mwisho, inalikosa, inachukua linalofuata. Mabula alicheka hadi machozi. Mimi niliona aibu kidogo, maana nilipoangalia vizuri nilikuta humo na salamu za dada yangu.

Dawa yake haikuwa ngumu. Niliifundisha programu iondoe salamu kwanza, kabla ya kutafuta na kabla ya kuandika logi, na imrudishie mteja salamu yake papo hapo bila kuisumbua hifadhidata. Ukiandika mwadila, inakujibu: "Mwadila. Karibu, unatafuta nini?" Kinachobaki kinatafutwa kwa faharasa ya maneno. Maswali yanayorudiwa sana nikayawekea majibu tayari pembeni, ili seva isipike upya chakula ambacho kiko mezani. Duka likawa jepesi. Mabula naye akaongeza lake: ukurasa wa mbele, chini ya kisanduku, yatokee yenyewe yale maneno yanayotafutwa sana, ili mteja abonyeze tu asihangaike kuandika. Sehemu hiyo akaiita "Wengi wanatafuta."

Ikakaa vizuri kwa muda. Kisha siku moja mchana nikafungua duka nikasoma: Wengi wanatafuta dawa ya kupe, mnyororo wa plau, namtafuta Shija.

Nilidhani ni mtoto anachezea simu ya baba yake. Kwenye logi nikaona swali linatoka kwenye simu moja ya Sola, kila siku, jua likishapita utosini hadi jioni, tena na tena bila kubadilika: namtafuta Shija. Mwenye simu alikuwa amesajiliwa na wakala aliponunua chanjo ya kuku. Nikampigia.

Akapokea mama mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Tukasalimiana inavyotakiwa, nyumbani, mifugo, mvua, ndipo nikamuuliza anatafuta nini dukani kwetu.

"Namtafuta mwanangu," alisema. "Wakala aliniambia humu kuna kila kitu. Unaandika unachotafuta, wanakuletea."

"Mayu, hili ni duka la dawa na majembe."

"Najua. Lakini linaitikia. Nikisema mwadila, linasema mwadila, karibu, unatafuta nini. Kwa hiyo nalijibu."

Akanieleza. Shija alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikwenda machimbo ya dhahabu, na simu yake ikazima. Mtu mmoja alileta habari kwamba shimo lilititia na Shija alikuwa chini. Mwingine akaapa kwamba alimwona baada ya hapo, anakunywa chai kibandani. Mwili haukupatikana. Ukoo wa marehemu mumewe ulitaka kuweka matanga, watu walie, mambo yaishe. Yeye alikataa, na ukoo ulikuwa umeanza kuchoka naye.

"Ukimwekea matanga mtu aliye hai, umemfukia kwa mkono wako," aliniambia. "Na kama amekufa nami nikakaa tu namsubiri, nimemwacha bila kuliliwa. Nataka kujua tu, mayu. Sitaki kingine."

Nilipokata simu nililia, tena ofisini, mchana kweupe.

Sikulitoa jina siku ile. Nilijiambia nitalitoa kesho, na kesho yake kina Shija wakaanza kupiga simu. Wa kwanza alitoka Mwandoya.

"Naongea na duka?"

"Unaongea na fundi wa duka."

"Mimi ni Shija. Mbona mnanitafuta?"

"Hatukutafuti wewe, kaka yangu."

"Jina langu lipo hapa. Nimefungua nipate mnyororo wa plau, sijaandika kitu, nakuta natafutwa. Nani ananitafuta?"

"Umelibonyeza?"

"Nibonyeze? Nikibonyeza si nimeitika?"

Kwetu ukiitwa jina lako na usiyemwona, huitiki. Unanyamaza mpaka aliyekuita ajitokeze. Sisi wenye dini tunasema huo ni ushamba, na tukiitwa hivyo tunanyamaza.

Mwingine alikuja mwenyewe hadi ofisini, mzee aliyevaa koti zito kwenye jua lile. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia wala kukaa. Nilipomuuliza jina alinyooshea kidole kompyuta yangu.

"Jina langu mnalo," alisema. "Nimekuja mlitoe."

Wasiokuwa Shija wao walibonyeza, kwa udadisi tu. Na kila anayebonyeza programu inamhesabu kuwa naye ametafuta, kwa hiyo jina likazidi kupanda. Likaupita mnyororo wa plau, likaipita dawa ya kupe, likakaa juu peke yake. Seva ikaanza kulemewa tena. Nakumbuka nimekaa mbele ya skrini, feni inazunguka, nje hakuna hata mtu anayepita kwa jua, na mistari ya logi inashuka: namtafuta Shija, namtafuta Shija, namtafuta Shija, kutoka Maswa, kutoka Meatu, kutoka vijiji ambavyo yule mama hajawahi kukanyaga. Mkoa mzima ulikuwa umetoka kumtafuta mtu mmoja, na wanaomtafuta hawajui wanatafuta nini.

Kisha baadhi ya kina Shija wakaanza kujibu, mle mle kisandukuni. "Sio mimi mayu." "Shija wa Lalago nipo nyumbani, tafuta mwingine." Mmoja aliandika, "Nimeokoka, niacheni." Mama Shija nilimsomea yote kwa simu. Kwa kila moja alisema huyo si wake, bila hata kufikiri, na sikumuuliza anajuaje.

Safari hii Mabula hakucheka. Wateja walikuwa wanakimbia, na mjini watu walikuwa wanasema duka lina masamva, yaani mizimu ya ukoo. "Litoe hilo jina leo, mayu, nakuomba," alisema. Nikaandika ule mstari mnaouona. Jina likatoweka ukurasa wa mbele, simu zikakoma, kina Shija wakarudi kununua minyororo yao. Mama Shija mwenyewe sikumzuia. Aliendelea kuandika kila mchana, na hakuna aliyemwona isipokuwa mimi.

Siku chache zikapita. Nilikuwa napitia logi baada ya chakula kuhakikisha duka limetulia, nikakutana na mstari huu:

"Mwadila, ng'wana wane. Usinitafute huku."

Ng'wana wane ni mwanangu. Niliusoma, nikausoma tena, na kilichonishtua kwanza ni cha kifundi. Ile "Mwadila" haikutakiwa kuwepo. Programu ilikuwa inaondoa salamu kabla ya kuandika, na tangu niiweke kanuni hiyo hapakuwa na salamu hata moja iliyobaki kwenye logi. Nikaandika maneno yale yale kwa simu yangu, na mkato wake na nukta zake. Salamu ikaondolewa. Nikaazima simu ya Mabula, nikaandika tena. Ikaondolewa. Nikatafuta ule mstari ulikotoka. Haukuwa na akaunti. Anwani ilikuwa ya kampuni ya simu, zile wanazogawana watu wengi kwa wakati mmoja, haikuambii kama mtu yuko Bariadi au yuko wapi. Na jina la Shija halikuwepo tena ukurasa wa mbele. Aliyeandika sijui aliliona wapi.

Nilipima kila ninachojua kupima, vipimo vikaniishia. Niliogopa. Nilitoka nje nikasimama juani, mimi mtu mzima. Na bado sikuelewa maneno yenyewe. Mtoto hamwiti mama yake mwanangu. Anayemwita hivyo mwanamke wa umri ule ni mzazi wake.

Kesho yake nikapanda gari la mizigo la duka hadi Sola. Mama Shija nilimkuta uani anapukuchua mahindi, simu ameiegesha juu ya ndoo karibu yake. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Akaniletea maji, tukasalimiana, nikayanywa yote ili nichelewe kusema.

"Baba yako yu hai?" nilimuuliza.

"Alikufa Shija hajazaliwa. Kwa nini?"

Nikamsomea. Mikono yake ikaacha mahindi.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nilipotaka kusema kitu akainua kiganja nisiseme.

"Baba yangu aliitwa Shija," alisema mwishowe. "Mwanangu alizaliwa analia. Hanyonyi, halali, tukambadilishia majina, wapi. Tulipompa jina la babu yake akanyamaza. Basi nikamwita baba. Na yeye alipojua kusema, akaniita mwanangu. Watu wakicheka njiani, katoto ka kimo hiki kanamwita mama yake ng'wana wane. Hakuacha hata alipoota ndevu. Wale wengine hakuna aliyeniita hivyo, ndiyo maana nilikuambia si yeye."

Furaha ilinipanda. Nikafungua mdomo nimwambie basi ndiye, mwanao yu hai. Akaniwahi.

"Kina Shija walioniita hivyo ni wawili tu," alisema. "Kama ni mwanangu, yu hai, na hataki nimfuate. Kama ni baba, basi yuko naye huko."

Sikuwa nimeliona hilo.

"Mashine yako haijui ni nani?"

"Haijui, mayu. Nimejaribu."

"Amesema huku," alinong'ona. "Huku wapi?"

Kuku walikuwa wamekuja kudonoa mahindi mbele yake, hakuwafukuza. Nikamuuliza atawaambia nini ukoo.

"Matanga sitaweka," alisema. "Na kumtafuta nimeacha."

"Lakini bado hujajua."

"Nimeambiwa nisitafute. Awe huyu, awe yule, aliyesema ni baba, na mimi ni mtoto. Mtoto anatii."

Aliichukua simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akanionyesha kabla ya kubonyeza. Aliandika: "Mhola, baba." Akabonyeza, akaizima, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Kisha akawafukuza kuku, akaendelea kupukuchua.

Siku iliyofuata nilikaa mbele ya logi mchana kutwa. Watu walitafuta dawa ya kupe, walitafuta chanjo, mmoja alitafuta turubai. Kutoka Sola hakikuja kitu. Jioni Mabula akaja amejaa tabasamu, anabonyeza simu yake huku na huku mbele ya macho yangu, kurasa zinafunguka kabla hajaondoa kidole.

"Mayu, umefanyaje leo? Duka halijawahi kuwa jepesi hivi."

"Kuna mteja mmoja ameacha kutafuta," nilimwambia.

"Safi sana," alisema.